Kutoka Amani hadi Amani: Safari ya Mtazama Ndege

Mtu atokaye Vuga, mjini Unguja, akielekea Mnazi Mmoja hawezi kuikosa kwa macho nyumba yenye kuba jeupe iitwayo Beit al-Amani, iliyojengwa mwaka 1925 kwa ukumbusho wa amani iliyofuata Vita Vikuu vya Kwanza, na ambayo michoro yake ilitoka mkononi mwa J. H. Sinclair, yule Mwingereza aliyependa kuyavisha majengo ya serikali mavazi ya Kiarabu. Katika utoto wangu, tulipopelekwa huko makumbusho na mwalimu kwa safu ya wawili wawili, kilichonishika si vyombo vya kale wala mambo ya masultani, bali ndege waliokaushwa, walionitumbulia macho ya gilasi kutoka ndani ya makabati, kila mmoja amefungiwa kijikaratasi chenye jina la Kilatini ambalo hapana aliyeweza kulitamka, hata mwalimu. Sikujua wakati ule kwamba ng'ambo ya bahari, juu ya mlima katika mkoa wa Tanga, iko Amani nyingine, ambako watu wa mabara yote huja kuwaona ndege wa namna ile wakiwa hai juu ya matawi yao. Safari baina ya Amani hizi mbili ndiyo niipendayo kuieleza hapa.

Wako watu, na idadi yao duniani si haba, ambao tafrija yao kubwa kupita zote ni kusafiri kwa ajili ya ndege. Si kumwinda, wala kumfuga, wala kumla, bali kumwona tu na kumsikia, kuandika jina lake katika daftari, kisha kwenda zao. Kwa tafrija hiyo huuza raha ya usingizi, huvuka bahari, hupanda milima kwa magoti, na hukaa saa tatu chini ya mti mmoja kwa tamaa ya kijidege kisichopata uzito wa kijiko cha chai. Nchi ya Tanzania, ambayo ndege wake wamehesabiwa kupindukia spishi 1,100, ni mojawapo ya nchi ambazo watu hao huziota usiku. Shemeji yangu mmoja wa Malindi, mtu wa biashara na mwenye akili ya kukata, nilipomweleza habari hizi alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Haya, shemeji, ukishamwona, kisha iwe nini?" Sikuwa na jawabu la papo kwa papo, na mimi si mtu wa kudharau suali la mfanyabiashara.

Aghalabu mgeni ashukaye bandarini akiwa na darubini shingoni hudhani kwamba mjini hamna cha kutazamwa, hukodi gari saa ile ile na kukimbilia msituni. Hilo ni kosa. Kutazama ndege ni ilimu ya kulinganisha: ukubwa kwa ukubwa, mruko kwa mruko, sauti kwa sauti, na asiyekuwa na kipimo cha nyumbani hana cha kulinganishia ugenini. Msituni kiongozi atakunong'oneza, "Yule, mdogo kidogo kuliko tetere," na kama tetere wa uani mwako hujapata kumtazama sawasawa hata siku moja, maneno hayo yatakuwa ni upepo. Basi mwanafunzi na apande darini alfajiri, wakati adhana imekwisha na moto wa chapati haujashika, amtazame tetere, amtazame mbayuwayu apitaye baina ya mapaa, amtazame mwewe azungukaye juu ya bandari kwa kugeuza mkia wake uliochanika mithili ya usukani, amtazame na shomoro, ambaye licha ya kujifanya mwenye nyumba ni mgeni aliyeletwa kwa vyombo.

Ama mgeni mkubwa ni kunguru. Yule wa shingo ya kijivu, mwenye kelele na ujasiri, anayemnyang'anya mtoto mandazi mkononi na kuinamisha kichwa kumsikiliza mwenye kumtukana, si mzaliwa wa kisiwa hiki. Aliletwa kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890, kwa azma ya kuwa mfagizi wa takataka za mji. Kazi hiyo aliifanya, na anaifanya hata leo, lakini pamoja na takataka alifagia na mayai na makinda ya ndege wadogo waliokuwa wakiimba katika miti ya mjini na mashambani, hata pakawa na mitaa ambayo husikii asubuhi ila sauti yake yeye na jamaa zake. Kunguru wa asili ya pwani yetu, yule mwenye kifua cheupe, amesukumwa pembeni. Waliomleta walikwishajuta kabla mkoloni hajaondoka, na katika miaka ya 1990 palifanywa juhudi kubwa ya kumpunguza kwa mitego na sumu, akapungua kweli kweli, hata chozi wakarudi kwenye maua ya bustani za watu. Kisha juhudi ikalegea, naye akarejea kama mwenye mali aliyekwenda kuhiji. Toka hapa amesambaa katika miji ya pwani ya bara. Mwenye kutaka kujua kwa nini mtazama ndege wa Unguja analazimika kutoka mjini kwenda msituni, na amtazame kunguru juu ya jaa la Darajani kwa muda wa robo saa. Jawabu lote limo mle.

Njia ya kwenda msitu wa Jozani hupita Tunguu na kwenye miembe ya Bungi, ambayo husemwa ilipandwa kwa amri ya Bi Khole, binti wa Seyyid Said, nayo ni mwendo wa kilomita zipatazo 35 kutoka mjini kuelekea kusini na mashariki. Msitu huu pamoja na Ghuba ya Chwaka ulifanywa mwaka 2004 kuwa hifadhi ya taifa, ya kwanza katika Zanzibar, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 50 tu, eneo ambalo huko bara lisingetosha malisho ya kundi moja la tembo. Lakini udogo wake usimhadae mtu. Maji yamo karibu sana na uso wa ardhi, na wakati wa masika hupanda na kuituamisha sakafu yote, hivyo mitondoo na michikichi na miti mingine ya maji hustawi humo kwa kimo na giza ambalo halipatikani penginepo kisiwani.

Siku ya kwanza niliyokwenda huko kwa nia hii, nikiwa na darubini ya kuazima na jeuri ya kitabu, nilimkuta mwenye kunitembeza ni mzee wa vijiji vya jirani, ambaye katika ujana wake aliingia msituni kwa shoka na katika uzee wake anaingia kwa fimbo.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuwatazama kima?"

Kwa kuwa wengi wajao Jozani huja kwa ajili ya kima punju, wale wenye mgongo mwekundu na nywele zilizosimama kama waliopigwa na mshangao, nilimwelewa. Nikamwambia nimekuja kwa ndege. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi hayo madude ya machoni yaweke kwanza. Fumba macho."

Nikafumba. Mwanzo sikusikia kitu, kwa maana sikio la mjini limezoea kuzuia sauti kuliko kuzipokea; halafu, kama mtu aingiaye chumba cha giza akaanza kuona vyombo kimoja kimoja, nikaanza kusikia. Upande wa kuume palikuwa na mluzi mwembamba wa kulalama, uliopanda ukashuka, naye ni hondohondo. Chini, karibu na ardhi, njiwa alikuwa akihesabu, kwanza pole pole kisha kwa haraka, mpaka hesabu ikamwishia pumzini, naye ni pugi. Mbali, kule mikokoni, mdiria alitoa mlio kama wa fimbo iburutwayo juu ya ukuti mkavu. Shore walibishana kila mahali. Kisha juu, mahali nisipoweza kukisia, ikaanguka sauti nzito ya kukoroma, yenye kurudiarudia, ambayo msitu wote ulionekana kuinyamazia. "Huyo ndiye bwana wao," mzee akasema. "Sasa fumbua."

Bwana wao ni ndege ambaye wengine humwita kulukulu, kwa kufuatisha sauti yake. Wataalamu humwita kwa jina la Fischer, daktari wa Kijerumani aliyefika Unguja katika miaka ya 1870 na kuufanya mji wetu kituo cha safari zake za bara; naye Reichenow wa Berlin akampa ndege huyu jina la daktari mwaka 1878. Ni ndege mkubwa, wa kijani kibichi, mwenye kishungi chenye wekundu na mkia mrefu, naye hapendi kuruka, bali hukimbia juu ya tawi kama kindi, huchupa, husimama, hutazama, huchupa tena. Ukimtazama ametulia utasema ni jani. Lakini aondokapo kuvuka uwazi, mbawa zikafunguka, hutokea ndani yake wekundu wa ghafla, wekundu wa zafarani na damu, ambao hata mzee wangu, aliyeuona mara elfu, aliupokea kwa kuguna.

Wekundu huo una habari yake, na habari hiyo ni ya ajabu kuliko jina la Fischer. Mkemia wa Kiingereza, A. H. Church, alionesha mwaka 1869 kwamba rangi nyekundu ya mbawa za ndege wa ukoo huu ina shaba ndani yake, ile ile shaba ya masinia na madele ya bibi zetu, iliyokusanywa kidogo kidogo kutoka katika chakula chao. Na kijani chao nacho si cha mzaha. Ndege wengi tuwaonao kuwa kijani hawana rangi hiyo kwa hakika. Ni mchezo wa mwanga katika manyoya yaliyopakwa manjano, mfano wa bahari ionekanayo buluu na ukiyateka maji yake kwa kata ni meupe. Lakini kulukulu na jamaa zake wana kijani cha kweli kweli kilichotiwa katika unyoya kama nili katika kaniki.

Hapa shemeji yangu angeniuliza: je, ndege huyu ni wa Unguja peke yake? Hapana, na kutokuwa kwake ni sehemu tamu ya hadithi. Zamani, wakati maji mengi ya dunia yalipokuwa yameganda katika barafu na bahari imeshuka zaidi ya mita 100 chini ya kiwango cha leo, mkondo wa Unguja haukuwapo; kina chake ni kidogo, na pale zipitapo feri leo alipita chui kwa miguu. Barafu ilipoyeyuka, miaka ipatayo 10,000 iliyopita, bahari ikarudi ikatukata, na kilichokuwamo kikabaki humu: chui, kima, kulukulu. Ndege wetu basi ni watu wa bara waliokatikiwa na njia, wala hawajakaa peke yao muda wa kutosha kubadilika sana. Pemba ni habari nyingine. Mkondo wake una kina cha mamia ya mita, hata bahari iliposhuka kisiwa kile kilibaki kisiwa, na kwa dahari na dahari ndege wake wakaishi bila ya kuoleana na wa bara, mpaka wakawa kabila lao wenyewe. Kwa hiyo Unguja, pamoja na misafara yake yote ya watalii, haina hata spishi moja ya ndege iliyo yake peke yake, na Pemba inazo nne: ninga wa Pemba, chozi wa Pemba, kijidege cha manjano chenye pete nyeupe ya jicho ambacho kimepewa jina la Vaughan, na bundi mdogo ambaye Pakenham, afisa wa serikali ya zama zile na mtu aliyeandika orodha ya ndege wa visiwa hivi iliyochapishwa mwaka 1979, alimtangaza kwa ulimwengu wa wataalamu mwaka 1937. Bundi huyo hukaa katika msitu wa Ngezi, lakini hukaa na katika mashamba ya mikarafuu, juu ya vichwa vya wachumaji, ambao bila shaka walimjua kabla ya Pakenham na babu yake. Wapemba wakitaka kutucheka, wana haki.

Kabla hatujavuka, neno moja la pwani. Ghuba ya Chwaka ikitoka maji, mchangani na matopeni hushuka makundi ya ndege wahamaji, na miongoni mwao yumo mmoja mrefu wa miguu, mweupe, mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene kama koleo, mla kaa. Huyu huzaa Uarabuni na kandokando ya Ghuba ya Uajemi, kwa kuchimba shimo refu mchangani na kutaga yai moja tu ndani yake, ambalo joto la mchanga humsaidia kulitamia. Na uzazi ukiisha huja kwetu pamoja na kinda lake, likimfuata na kumwomba chakula kama mtoto sokoni. Katika Barr al-Hikman, pwani ya Omani, hukusanyika kwa maelfu. Njia ya Omani na Unguja, ambayo sisi tunaisimulia kwa majahazi na majina ya koo, yeye huipita kila mwaka bila ya hati.

Sasa Amani ya pili. Mwenye haraka huchukua feri ya asubuhi mpaka Dar es Salaam, halafu basi la Tanga mpaka Muheza, na kutoka Muheza hupanda gari lolote linalokubali kupanda, maana njia ya mlimani ina konakona na utelezi, na mvua ikinyesha abiria hujikuta amekuwa msukumaji. Katika safari yangu tulisukuma mara mbili. Mara ya pili nilianguka kifudifudi na darubini ya watu ikaingia tope, na nilipokuwa nikiifuta kwa kikoi changu nikasikia juu yangu, katika mti wa kando ya njia, sauti nzito ya kukoroma. Sikuwa na haja ya kutazama. Alikuwa ni kulukulu, yule yule wa Jozani, nasi tumetenganishwa na nyumbani kwa siku nzima ya chombo na gari. Nilicheka peke yangu matopeni hata utingo akaniuliza kama nimeumia kichwa.

Amani iko kimo cha mita zipatazo 900 katika Usambara ya Mashariki, na Wajerumani waliweka huko mwaka 1902 taasisi ya kuchunguza mimea na kilimo, wakapanda miti kutoka pembe zote za dunia, ambayo mingine imegeuka kuwa adui wa msitu wa asili kama kunguru alivyogeuka kwetu. Mwaka 1997 msitu wake ulitengwa kuwa hifadhi. Lakini sababu ya kuwapo msitu huo haikuandikwa na serikali yoyote. Sababu yake ni upepo. Kusi na kaskazi, pepo zile zile zilizojaza matanga ya mababu zetu, hubeba unyevu wa Bahari ya Hindi, na zikifika kwenye ukuta wa milima hulazimika kupanda, na kwa kupanda hupoa, na kwa kupoa huangusha mzigo wake. Milima hii, tangu Taita katika Kenya mpaka Udzungwa kusini, ni ya kale mno, na kwa kuwa bahari ya mbele yake haikupata kupoa kwa kiasi cha kukata mvua, misitu iliyo juu yake imekaa kwa mamilioni ya miaka, wakati nchi kavu za chini zimekauka na kuizingira. Kila mlima umekuwa kisiwa katika bahari ya majani makavu. Kwa hiyo yaliyowapata ndege wa Pemba yaliwapata na ndege wa milimani, nao wamebadilika kila kundi kwa njia yake, hata leo wako ndege ambao ulimwengu mzima hawana makazi ila upande mmoja wa mlima mmoja.

Baadhi ya hawa walijulikana kwa wataalamu kwa jitihada ya mtu ambaye hakusomea ndege. R. E. Moreau alikuwa karani wa hesabu za jeshi mjini Cairo, akahamia Amani mwaka 1928, akakaa huko miaka mingi pamoja na mkewe Winifred, wakiwatazama ndege kwa subira isiyokuwa na mfano, si kwa bunduki tu kama desturi ya zama zile, bali kwa kukaa mbele ya kiota na saa mkononi, wakihesabu mama amelisha mara ngapi na baba mara ngapi. Yuko kijidege cha hudhurungi katika milima ya Uluguru chenye jina la Winifred. Na hapo Amani yuko mshonaji mwenye mdomo mrefu, aliyetangazwa mwaka 1931 kwa jina la Moreau, ambaye hapatikani duniani ila katika Usambara ya Mashariki na katika mlima mmoja wa kaskazini ya Msumbiji. Hupenda mitambaa ya pembezoni mwa msitu, karibu na nyumba za watu, na mimi nilimsikia kwa siku mbili mfululizo bila ya kumwona hata mkia.

Kutazama ndege katika msitu wa mlimani si sawa na mbugani. Saa nzima hupita ukitembea katika ukimya wa msikiti uliofungwa, ukaanza kuamini kwamba umedanganywa. Halafu, bila ya dalili, miti inajaa. Ndege wa aina kumi, kumi na tano, wanapita pamoja kama maandamano ya harusi: wengine juu kabisa, wengine kati, wengine chini, kigong'ota akigonga, chozi akifukunyua maua, na mramba mweusi, ambaye hafanyi kazi ila ya kusubiri wadudu walioshtuliwa na wenzake, akijifanya ndiye msimamizi wa shughuli. Husafiri pamoja kwa maslahi: macho mengi humwona kipanga mapema, na mdudu aliyemkimbia mmoja huangukia kwa mwingine. Dakika tano, na wamekwisha kupita. Mtu hujikuta ameinua darubini mara ishirini na kuona sawasawa mara mbili, shingo inauma, na moyo unakwenda mbio kama wa mtu aliyeponea chupuchupu.

Wala tusidhani kwamba kila kitu kimekwisha kujulikana. Mwaka 1991 wachunguzi kutoka Denmark, wakiwa katika milima ya Udzungwa, waliona ndani ya sufuria ya kitoweo jozi ya miguu ya ndege wasiyemfahamu. Walipomtafuta aliye hai wakamkuta ni kwale wa msituni asiyepata kuandikwa na mtaalamu yeyote, na jamaa zake wa karibu wako Asia. Kwa wenye sufuria alikuwa ni kitoweo cha siku zote.

Mwenye kuazimia safari hii na achague miezi mikavu, Januari na Februari, au Juni hadi Oktoba, lakini akiwataka na wahamaji wa pwani asije kati ya Mei na Julai. Aamke kabla ya jua. Kanzu nyeupe aiache nyumbani kwa ajili ya Ijumaa, kwa kuwa weupe msituni ni kama tarumbeta. Avae rangi ya majani makavu, na suruali aiingize ndani ya soksi, maana siafu wa Usambara hawamjui mgeni. Kiongozi wa kijijini amlipe vizuri na amsikilize zaidi ya kitabu. Na kuna tabia moja iliyozuka ambayo mimi siipendi: kuweka katika simu sauti ya ndege iliyorekodiwa na kuipiga ili mwenyewe atoke, akidhani adui ameingia katika milki yake. Ni kupiga hodi ya uwongo. Ndege huacha kulisha makinda kwa ajili ya kupigana na simu, na mtazamaji aliyemwona kwa hila hiyo, kwa rai yangu, hakumwona.

Nimetaja kitabu. Kilicho mashuhuri kuliko vyote kwa ndege wa Afrika Mashariki ni kile cha Stevenson na Fanshawe kilichotoka mwaka 2002, chenye picha za spishi zaidi ya 1,300, nami sina ila sifa kwa picha zake. Lakini majina yake ni ya Kiingereza na Kilatini, na hapo ndipo ninapouona upungufu wetu, si wao. Mababu zetu walikuwa na tetere, pugi na ninga mahali ambapo vijana wa leo wana njiwa mmoja tu. Walikuwa na kororo, jamaa wa kanga mwenye kishungi, naye kanga mwenyewe akaipa jina nguo ya mama zetu kwa madoa yake. Majina haya yamo katika vinywa vya wazee wa Makunduchi na Pete na Ngezi, na hayamo karatasini ila machache.

Mwaka jana nilimchukua shemeji yangu mpaka Jozani. Alilalamika njia nzima, kwa mbu, kwa bei ya chai, kwa viatu vyangu alivyoazima. Na kulukulu alipovuka uwazi mbele yetu, na shaba ya mbawa zake ikawaka, alisahau kuniuliza faida yake. Aliuliza: "Shemeji, huyu anaitwaje?" Basi wewe msomaji ambaye nyumbani kwako yuko bibi au babu aliyelelewa shamba, chukua kalamu kabla ya magharibi ya leo, keti naye barazani, na kila ndege atakayelia muulize swali hilo hilo, uandike jina, na mahali, na mlio wake, kisha uyapeleke maandishi hayo kwa mwalimu wa skuli iliyo karibu nawe.